Matairi ya Uwanjani kwa Mfuko wa Kawaida

Hotuba kwa madereva wanaojiandaa kwa siku yao ya kwanza kwenye uwanja wa mbio za magari, iliyotolewa katika gereji moja, Industrial Area, Nairobi

Hamjambo wote. Asanteni kwa kuamka mapema Jumamosi, na shukrani kwa mwenye gereji aliyetupa nafasi katikati ya magari ya wateja wake.

Mbele yangu yamelala matairi matatu. Yote ni yangu, yote yameisha, na kila moja nililinunua nikiamini nimepata bei nzuri. Ni moja tu lililokuwa na bei nzuri kweli. Nitayapitia pamoja nanyi, maana wengi wenu mmenipigia simu majuma haya mkiuliza swali lile lile: ninunue tairi gani la kuingia nalo uwanjani, na pesa zenyewe si nyingi?

Nianze na hili la kushoto. Wenye kujua mmeshalitambua kwa uso wake: mifereji michache, mabega mapana yasiyo na mikato, karibu kipara tangu kiwandani. Ni tairi la nusu mbio, la aina ambayo likiwa jipya hugharimu pesa nyingi. Nilipata manne yaliyotumika kwa chini ya nusu ya bei hiyo. Muuzaji aliniambia yametoka Japani, yamekimbia kidogo tu, na kweli meno yalikuwa yamebaki zaidi ya nusu. Nikalipa papo hapo.

Raundi ya nne, kwenye kona ya kulia, gari likaniponyoka. Tairi zima hulia linapokaribia mwisho wa nguvu zake, linaanza kwa mnong'ono kisha sauti inapanda, na dereva anapata nafasi ya kupunguza. Hili lilikaa kimya hadi likaachia. Mungu alinisaidia, upande ule palikuwa na nyasi tu. Niliposimama nikalikagua, mpira wa bega la nje ulikuwa umechunika vipande vipande, na chini yake nyufa nyembamba kama za tope lililokauka. Ndipo nilipoinama nikasoma ubavu: 0911. Wiki ya tisa ya mwaka 2011. Mimi nililinunua 2021.

Tafadhali, leo kabla ya kutoka hapa kila mmoja asome namba hiyo kwenye gari lake. Tafuteni herufi DOT, halafu fuateni mstari wake hadi mwisho. Tarakimu mbili za kwanza kati ya zile nne za mwisho ni wiki, mbili zinazofuata ni mwaka. Ukiona 2319, hiyo ni wiki ya 23 ya 2019. Mara nyingi namba kamili imechapwa ubavu mmoja tu, nao unaweza kuwa umefungwa ukielekea ndani. Basi lala chini uitazame. Dukani usione haya kumwambia muuzaji aligeuze tairi.

Mpira huzeeka hata ukikaa tu ghalani. Mafuta yanayoulainisha hupotea pole pole, hewa nayo inaukausha. Tairi la uwanjani lina uzee wa pili: kila linapopata moto na kupoa, linakakamaa kidogo zaidi. Kwa hiyo urefu wa meno hauwezi kukuambia kama mpira bado uko hai. Mimi sinunui tairi la uwanjani lililozidi miaka mitano tangu kutengenezwa. Hiyo ni kanuni yangu mwenyewe, na nimeilipia. Hata hayo mapya yakagueni. Wazee walio hapa wanaikumbuka Yana, tairi lililotengenezwa hapa hapa Nairobi hadi kiwanda kiliposimamisha kazi mwaka 2016. Tairi la aina tunayoizungumzia leo limevuka bahari ndani ya kontena, likakaa bandarini, likakaa ghalani, kisha likakaa rafuni. Linaweza kuwa jipya kabisa machoni na bado lina miaka mitatu.

Tena kuna sheria. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 imeyataja matairi yaliyotumika ya magari madogo miongoni mwa bidhaa zilizopigwa marufuku kuingizwa. Sheria hiyo naiona ya haki, na nasema hivyo nikiwa mtu niliyewahi kuyanunua.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini niliyaamini yale meno. Jibu nalipata katika malezi yetu. Sisi ni watoto wa Safari Rally. Tangu 1953 nchi hii imejifunza magari kwenye vumbi na matope. Baba zetu walituonyesha Shekhar Mehta, wakatuonyesha Patrick Njiru ndani ya Subaru, na kila mmoja wetu alikua akijua kwamba tairi lenye meno marefu ndilo linalokutoa matopeni. Ni kweli, kwenye tope meno huchimba. Kwenye lami kavu mambo hugeuka. Hapo kinachofanya kazi ni mpira wenyewe kugusana na lami, na kila tairi linagusa chini kwa sehemu inayokaribia ukubwa wa kiganja chako. Viganja vinne, basi. Gari la tani moja na robo linashikiliwa na viganja vinne vya mpira.

Sasa tazameni hili la katikati. Nililinunua jipya dukani, tairi la kawaida la safari, na ubavuni limeandikwa 500. Namba hiyo tuielewe vizuri, kwa sababu ndiyo mtakayotajiwa na kila muuzaji anayejua kazi yake.

Ni mfumo wa Marekani wa kueleza tairi linaisha kwa kasi gani. Kuna tairi la kipimo lililopewa 100. Matairi hukimbizwa barabarani Texas kwa maili 7,200, kisha uchakavu wao hulinganishwa na wa lile la kipimo. Lenye 200 linatarajiwa kudumu mara mbili, lenye 500 mara tano. Kwa kawaida mpira unaodumu sana ni mgumu, na mpira mgumu haushiki sana. Ndiyo maana watu wa uwanjani hutafuta namba ndogo. Lakini kampuni hujipimia na kujiandikia namba yenyewe, kwa hiyo 200 ya kiwanda kimoja inaweza kuwa tofauti kabisa na 200 ya kiwanda kingine. Itumieni kama mnavyotumia rangi ya embe sokoni: inakuambia kitu kuhusu kuiva, utamu utaujua ukionja. Kando ya namba kuna herufi za daraja mbili. La kwanza, kuanzia AA hadi C, ni breki kwenye lami yenye maji gari likienda moja kwa moja, na halisemi lolote kuhusu kona. La pili, A hadi C, ni uwezo wa kuvumilia joto. Hapo mimi sishuki chini ya A.

Tairi hili la 500 lilifanya nini uwanjani? Raundi mbili nzuri, ya tatu likaanza kuyumba, ya nne likawa sabuni. Uso wake umekatwakatwa vipande vidogo ili kutoa maji na kupunguza kelele. Kwenye kona ndefu kila kipande hujipinda, kujipinda kunazaa joto, na mpira haukutengenezwa kwa joto hilo. Gusa bega hili uone lilivyoparurika. Hata hivyo sikulichukia. Lilikuwa likilia kila kona, na kwa kulia kwake nilijifunza gari langu linaanza kuteleza wapi, nikiwa bado kwenye mwendo mdogo.

Kwa sababu hiyo nawaambia wale mtakaoingia kwa mara ya kwanza: msinunue tairi. Ndiyo, mmekuja kuuliza kuhusu kununua na mimi nasema subirini. Kama matairi mliyo nayo si mazee, hayana nyufa, hayana uvimbe ubavuni, na yote manne yanafanana, ingieni nayo. Toyota wenyewe walipotoa 86, gari lao dogo la michezo, mwaka 2012 waliivalisha Michelin Primacy HP za saizi ya 215/45R17, tairi la kawaida la mtu anayetafuta utulivu, ili gari lianze kucheza mapema na dereva ahisi hivyo. Na anayeona haya kuja na gari lisilovaa vitu vipya amkumbuke Joginder Singh: Safari ya 1965 aliishinda kwa Volvo PV544 iliyokuwa imeshapigwa mbio kabla hajaichukua. Dereva anayeanza na tairi linalonata kupita kiasi hufika kwenye mwendo mkubwa kabla ya mikono yake kujua la kufanya, na siku litakapoachia litaachia kwa mwendo huo mkubwa. Nimeliona likitokea kwa kijana mwenye kipaji, na sitaki kuliona tena.

Ukishafanya siku mbili tatu, ukaona wewe unataka kuendelea na tairi linakukatalia, hapo ndipo tunafika kwa hili la kulia.

Hili ni la daraja la 200. Uso wake una vipande vikubwa vizima, ubavu ni mgumu, na mifereji ipo ya kutosha kutoa maji. Katika daraja hili kuna majina mnayoyasikia kila siku, Bridgestone Potenza RE-71RS na Yokohama Advan Neova. Ni matairi mazuri ajabu na bei yake inajulikana, ila kwa anayehesabu pesa siwezi kuyapendekeza. Kuna ngazi ya chini kidogo ambayo ndiyo mahali petu: Hankook Ventus RS4 kutoka Korea Kusini, Falken Azenis RT615K+, Federal 595 RS-RR ya Taiwan, Accelera 651 Sport ya Indonesia. Nankang NS-2R, nayo ya Taiwan, hutoka na mipira ya aina mbili, 120 na 180. Kwa gari litakalokurudisha nyumbani agizeni 180, na mwambieni muuzaji namba hiyo kwa kinywa chenu, maana kwa nje zinafanana. Ukinishika mkono nitaje moja, nitataja RS4. Yapo yenye kasi kuliko hilo, ila linavumilia joto, linakuonya mapema, na linaisha taratibu.

Kuisha taratibu ndiko ninakotaka mkuelewe, kwa sababu hapo ndipo bei ilipojificha. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Tuseme tairi moja ni shilingi 14,000 na seti inakupa siku 3 za uwanjani. Jingine ni 24,000 na seti inakupa siku 8. Seti ya kwanza ni 56,000, ukigawa kwa 3 ni kama 18,700 kwa siku. Seti ya pili ni 96,000, ukigawa kwa 8 ni 12,000. Lile lililokuuma dukani ndilo linalokulisha baadaye, na bado sijahesabu pesa ya kufunga na kufanya balansi kila mara. Nunueni daftari. Andikeni tarehe, raundi, na urefu wa meno kila mkitoka. Baada ya siku nne daftari lako litakujibu kuliko mimi.

Kuna njia nyingine ya kupunguza gharama ambayo wengi hawaitaki kwa sababu ya sura ya gari: shukeni saizi ya rimu. Ukipita maduka ya Kirinyaga Road uulize 245/40R18, ya rimu ya inchi 18, utaoneshwa machache na bei itakuumiza. Uliza 205/55R16, ya rimu ya inchi 16. Ni saizi inayovaliwa na magari mengi ya familia, kwa hiyo kila kampuni inaitengeneza na ushindani unaishusha bei. Hata 86 za ngazi ya chini kule Japani zilitoka kiwandani na 205/55R16, na kipenyo chake kinatofautiana na 215/45R17 kwa takriban asilimia moja tu, mita ya mwendo haitadanganya sana. Kabla ya kununua rimu, azima moja, ivalishe, izungushe kwa mkono uone kama inapita kalipa za breki bila kugusa. Faida ya pili mtaiona barabarani. Ubavu mrefu unavumilia mashimo yetu na matuta yasiyo na rangi. Ubavu mfupi ukipiga shimo nyuzi za ndani hukatika, tairi linatoa nundu, na tairi lenye nundu halirudi uwanjani hata kama lina wiki moja.

Wenye Subaru, hili ni lenu, na ni wengi humu. Karibu magari yenu yote yanasukuma magurudumu yote manne. Mkichanganya mawili mapya na mawili yaliyochakaa, mizunguko inatofautiana, na difa ya katikati, ile gia inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, inalazimika kufanya kazi muda wote ili kufidia. Nunueni manne pamoja, na myabadilishe nafasi mbele na nyuma kila siku ya uwanjani ili yaishe sawa. Kuokoa matairi mawili kunaweza kukugharimu giaboksi.

Wengi wetu tuna seti moja tu, ya kwenda nayo na kurudi nayo. Kwa hiyo nasema kwa uzito: msikubali kushawishiwa na tairi la 100 kushuka chini kwa gari la namna hiyo, hata likipunguzwa bei. Matairi kama Toyo R888R yalitengenezwa yapate moto kwanza ndipo yashike, na mifereji yake ni michache. Fikiria umetoka Athi River jioni ya Aprili, Mombasa Road imejaa maji, malori kushoto na kulia, tairi limepoa na meno yamebaki milimita mbili. Gari litaelea juu ya maji na usukani utakuwa mwepesi mkononi kama si wako. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Hiyo ni karibu nusu ya mwaka wetu.

Sasa upepo, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ni bure na ndiyo inayopuuzwa.

Geji hupima tofauti kati ya hewa iliyo ndani ya tairi na hewa iliyo nje. Nairobi tuko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, hewa ya nje ni nyepesi. Tairi lililojazwa Mombasa, joto lisipobadilika, litasoma takriban psi 2 na nusu zaidi (psi ndicho kipimo cha upepo kwenye geji) likifika hapa, bila mtu kuligusa. Joto nalo lina hesabu yake: kila nyuzi 6 hivi zikipanda, geji inapanda kama psi 1. Asubuhi ya Julai yenye baridi na saa saba mchana ni siku mbili tofauti kwa tairi.

Utaratibu wangu ni huu. Asubuhi, tairi likiwa baridi, naweka kipimo kilichoandikwa kwenye mlango wa dereva. Nachukua chaki nachora mistari mitatu kutoka usoni kuteremka ubavuni, kwenye kila tairi. Naingia raundi tatu za wastani, natoka, na papo hapo, kabla hata ya kuvua kofia ngumu, napima. Chaki ikiwa imefutika hadi ubavuni, tairi linalala sana, upepo hautoshi. Ikiwa imebaki kwenye bega, upepo umezidi, tairi linasimama katikati tu. Kwa 86 yangu, tairi la 200 linapenda psi 34 hadi 36 likiwa moto. Gari lako litakuwa na namba yake, nayo utaipata kwa chaki na daftari. Upepo ulioutoa mchana uurudishe kabla ya kushika barabara. Jioni tairi litapoa, psi zitashuka, na utakuwa unaenda mwendo wa barabara kuu na tairi laini. Pia kazeni nati za magurudumu kwa spana ya kipimo baada ya raundi za kwanza, maana joto huzilegeza.

Nimeona bega la nje likiisha wakati katikati ya tairi bado ni jipya, na mwenye gari analaumu kampuni. Mara nyingi ni alaimenti, yaani jinsi magurudumu yalivyopangwa kuelekea na kuinama. Magurudumu ya mbele yakiinamishwa kidogo juu kuelekea ndani, tairi linasimama vizuri kwenye kona na bega linapona. Ongeeni na fundi kuhusu hilo kabla ya kununua seti ya pili.

Na pesa iliyobaki wekeni kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho kinashuka hadi 155, na huku juu hewa nyepesi haipoozi breki vizuri. Kanyagio likizama hadi sakafuni, hakuna tairi duniani litakalokusaidia.

Maswali tutayachukua tukiwa nje, gari kwa gari. Chaki iko kwenye benchi, geji mbili ziko hapo, na kuna gunia la kulalia kwa wanaotaka kusoma tarehe za ubavu wa ndani. Tuanze na ile Forester ya kijivu iliyo karibu na lango, mwenyewe ameniambia hajui matairi yake ni ya mwaka gani.